Beji ya marehemu baba na mji wa chai uliocheza na Spartak Moscow

"Shikamoo mwalimu. Marehemu baba alisoma Moscow miaka ya themanini. Kwenye sanduku lake tumekuta beji ndogo ya bati iliyopauka rangi. Ina picha ya mpira na maandishi ya aina mbili, moja la Kirusi, jingine la herufi zilizojikunja kama ndoana. Baba alikuwa akituambia hiyo ni timu ya Guria, ya mji wa wakulima wa chai mdogo kuliko Tukuyu kwetu, na kwamba aliiona kwa macho yake ikicheza na Spartak Moscow katika ligi kuu ya Urusi, tena ikawa bingwa. Kaka yangu anacheka. Anasema ni chumvi ya mzee, timu hiyo ipo Georgia, inacheza daraja la chini, na mji wenyewe una watu elfu sita tu. Shangazi naye anasema ilibebwa na kigogo mmoja wa serikali. Naomba unisaidie. Baba alisema kweli? Ilibebwa? Timu ya leo ndiyo ileile? Na hii beji niifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na poleni kwa msiba. Nimelisoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nikaona kinachokukosesha usingizi wala si mpira. Ni neno la mzazi: alituambia kweli, au alitutilia chumvi miaka yote ile? Basi nianze na hilo. Jambo kubwa alilowaambia, kwamba timu ya mji mdogo wa chai ilikuwa ligi moja na Spartak Moscow, ni kweli tupu. La ubingwa amelichanganya, ingawa hata huko kuchanganya kwake kuna chanzo. La kubebwa ni refu, tutalifikia.

Timu inaitwa Guria Lanchkhuti. Guria ni mkoa wa magharibi mwa Georgia, unaoshuka kutoka milimani hadi Bahari Nyeusi, na Lanchkhuti ni mji wa mkoa huo, kwenye reli itokayo Samtredia kwenda Batumi. Hebu chukua beji uisogeze dirishani. Kwa Kirusi jina Guria huandikwa Гурия, herufi tano, ya kwanza kama L iliyosimama kichwa chini, ya mwisho kama R iliyogeuka kutazama nyuma. Kwa Kigeorgia ni გურია, tano vilevile, na hizo ndizo ndoana zako. Mwandiko huo una herufi 33 na hauna kubwa wala ndogo, kwa hiyo usihangaike kutafuta ya kwanza iliyo ndefu kuliko wenzake. Ukiyakuta maandishi yote mawili kwenye kipande kimoja cha bati, uwezekano mkubwa ni kwamba beji ilitengenezwa enzi za Umoja wa Kisovyeti.

Sasa nimsahihishe kidogo marehemu, kwa heshima zote. Ligi ile haikuwa ya Urusi. Ilikuwa ya Umoja wa Kisovyeti mzima, jamhuri 15, na Urusi ilikuwa moja tu kati ya hizo. Wazee wetu wengi waliosoma kule husema "Urusi" kwa kila kitu, na sisi tumewarithi. Hapa tofauti ni kubwa, maana ndiyo inayoonyesha Guria ilipanda mlima wa namna gani. Msimu wa 1987 ligi kuu ilikuwa na timu 16. Moscow peke yake ilitoa nne: Spartak, Dynamo, Torpedo na CSKA. Leningrad ilileta Zenit. Ukraine ilileta Dynamo Kiev, Dnipro, Shakhtar na Metalist. Halafu Dinamo Minsk ya Belarus, Žalgiris ya Lithuania, Ararat ya Armenia, Neftchi ya Azerbaijan, Kairat ya kule Kazakhstan karibu na mpaka wa China, na Dinamo Tbilisi, timu kubwa ya mji mkuu wa Georgia. Hizo ni 15. Ya 16 ni Guria ya Lanchkhuti.

Ukilisoma jedwali lile leo unaona kila jina limebeba mji mkuu wa jamhuri au jiji la viwanda nyuma yake. Lanchkhuti hata makao makuu ya mkoa haikuwa, maana hayo yapo Ozurgeti. Kaka yako hakukosea kuhusu ukubwa wake. Sensa ya 2014 ilihesabu watu 6,395. Siku za Wasovyeti walikuwa wengi zaidi, ila elfu kumi hawakufika. Na kikosi cha mji huo kilipanda ndege kwenda Alma-Ata kwa Kairat, kikaenda Vilnius kwa Žalgiris, kikasimama mbele ya Dynamo Kiev iliyotoka kuchukua ubingwa wa nchi mara mbili mfululizo na Kombe la Washindi la Ulaya la 1986, timu ya Igor Belanov, aliyekuwa ametoka kutunukiwa Mpira wa Dhahabu, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya. Langoni kwa Spartak alisimama Rinat Dasaev, kipa wa timu ya taifa ya Kisovyeti. Hao si watu wa kusimuliwa juujuu.

Hapa unaweza kumpima baba kwa ushahidi. Guria ilikaa ligi kuu ya Kisovyeti msimu mmoja tu, huo wa 1987. Ligi yao ilianza majira ya kuchipua na kwisha vuli, ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, tofauti na ligi ya kwetu inayovuka mwaka. Kila timu ilicheza mechi 30, nyumbani na ugenini, maana yake Guria ilikwenda Moscow mara nne msimu ule kwa mechi za ligi. Angalia pasipoti yake ya zamani, cheti cha chuo, barua alizowaandikia. Kama mwaka 1987 alikuwa Moscow, simulizi lake limesimama kwa miguu miwili. Kama alirudi nyumbani 1985, basi mechi aliyoiona ilikuwa nyingine, au alisimuliwa na wenzake wa bweni akaifanya yake, jambo ambalo sote tunaopenda mpira tumewahi kulifanya.

Ubingwa sasa. Guria haikuwa bingwa wa Umoja wa Kisovyeti. Bingwa wa 1987 alikuwa Spartak. Guria iliburuza mkia, nafasi ya 16 kati ya 16, ikashuka pamoja na CSKA iliyomaliza ya 15. Hapo kwa CSKA nakuomba usome tena. Hiyo ilikuwa timu ya jeshi la dola kubwa lenye silaha za nyuklia, nayo ilishuka daraja mlango mmoja na timu ya wachuma chai. Zilikuwa zimepanda pamoja pia, mwisho wa msimu wa 1986. Mimi hucheka kila nikilifikiria.

Wengi wakiona mji wa watu wasiofika elfu kumi hujiuliza mapato ya mlangoni yalitoka wapi. Swali hilo ni la leo, wao halikuwahusu. Klabu ya Kisovyeti haikuishi kwa tiketi wala televisheni wala mdhamini wa jezi. Rasmi hakukuwa na mchezaji wa kulipwa. Kila mmoja aliandikwa mahali kama mfanyakazi: askari, fundi wa reli, mtu wa kiwanda, na mshahara ukatoka huko. Dinamo zote zilikuwa chini ya vyombo vya usalama na mambo ya ndani, CSKA ya jeshi, Lokomotiv ya reli. Kwenye wilaya za vijijini waliobeba timu walikuwa mashamba ya ushirika, viwanda vya hapo na uongozi wa chama wa wilaya.

Kwa utaratibu huo ukubwa wa mji haukuwa kikomo. Kikomo kilikuwa uwezo wa wakubwa wa wilaya kugawa vitu. Katika nchi ambayo gari lilingojwa kwa foleni ya miaka na nyumba ya serikali ilingojwa zaidi ya hapo, mchezaji hakushawishiwa kwa bahasha tu. Alipewa funguo. Wilaya yenye chai ilikuwa na cha kugawa, kwa sababu Georgia ndiyo iliyonywesha Wasovyeti sehemu kubwa ya chai ya nyumbani kwao, na Guria yenye mvua nyingi na udongo mwekundu ilikuwa katikati ya biashara hiyo. Wewe wa Tukuyu hili huhitaji kufundishwa. Uliza wazee hapo Rungwe watakukumbusha kwamba mwaka uleule wa 1986, Guria ikipanda daraja huko, Tukuyu Stars, timu ya mji wa chai, ilikuwa inachukua ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya Simba na Yanga. Sidai kwamba chai inafunga mabao. Ila baba yako alipoona mji mdogo wa chai ukiwasumbua wakubwa huko ughaibuni, naamini alijua anaangalia nini.

Kulikuwa na jambo la pili. Georgia ilizalisha wachezaji wengi kuliko nafasi zilizokuwepo. Dinamo Tbilisi, iliyochukua Kombe la Washindi la Ulaya 1981 kwa kuifunga Carl Zeiss Jena 2-1, ndiyo iliyokuwa ndoto ya kila kijana. Lakini uwanjani wanaingia 11. Waliobaki nje walikuwa wazuri mno kwa ligi za mikoani, na mtu akiwaita kwa nyumba na kazi hawakuona haya kushuka hadi Lanchkhuti.

Nitoke nje ya barabara kidogo. Wilaya ile ilikuwa inagombania mpira tangu zamani, kabla Waingereza hawajautia sheria. Katika kijiji cha Shukhuti, wilaya hiyohiyo ya Lanchkhuti, kila Pasaka ya Waorthodoksi huchezwa lelo burti. Wanashona mpira wa ngozi, wanaujaza udongo na kuulowesha kwa mvinyo, ukifungwa una uzito wa kilo 16 hivi, karibu ndoo ya maji. Padri anaubariki, unatupwa katikati ya wanaume wa Shukhuti ya Juu na wa Shukhuti ya Chini, na hapo hakuna namba za wachezaji, hakuna dakika, hakuna kadi. Ni msukumano wa mamia ya watu, mvuke ukiwatoka migongoni, hadi upande mmoja uufikishe kwenye kijito chake. Washindi hawapewi kombe. Wanaubeba mpira hadi makaburini na kuulaza juu ya kaburi la mwenzao waliyeamua kumuenzi. Mwaka 2014 serikali ya Georgia iliutambua mchezo huo kuwa urithi wa taifa usioshikika.

Haya, shangazi na kigogo wake. Hakuokota maneno barabarani. Eduard Shevardnadze alizaliwa 1928 katika kijiji cha Mamati, wilaya ya Lanchkhuti. Kuanzia 1972 hadi 1985 alikuwa katibu wa kwanza wa chama cha kikomunisti Georgia, maana yake mkuu wa jamhuri. Julai 1985 akahamishiwa Moscow kuwa waziri wa mambo ya nje wa dola nzima, na miaka ya baadaye akawa rais wa Georgia huru hadi 2003. Uwanja wa Guria wenyewe unabeba jina la Evgrapi Shevardnadze, wa ukoo huohuo. Mtu akiunganisha nukta hizo siwezi kumlaumu.

Lakini kubebwa kuna namna mbili, na watu huzichanganya. Moja ni kubebwa kwa rasilimali: uwanja, barabara, nafasi za kazi, sahihi inayotoka haraka. Hiyo sioni mtu wa kuikana. Orodha za viwanja ziliutaja uwanja wa Lanchkhuti kwa nafasi ya watazamaji 22,000. Ungewaketisha wakazi wote wa mji, watoto wachanga na wagonjwa wakiwamo, na zaidi ya nusu ya jukwaa ingebaki tupu ikisubiri watu wa vijijini. Kitu kama hicho hakijengwi na wilaya isiyo na mtu mezani.

Namna ya pili ni kubebwa uwanjani, matokeo kupangwa. Kupanga matokeo kulikuwepo katika ligi ya Kisovyeti, tena kwa wingi. Timu mbili zilikuwa zikikubaliana kugawana pointi, wewe shinda kwako mimi nishinde kwangu, au zitoke sare zote mbili bila jasho. Ilifika mahali kuanzia 1978 wakuu wa soka wakaweka kikomo cha sare, kwanza nane kwa msimu, baadaye kumi. Ukizidisha, sare inayofuata ilikupa sifuri. Sheria ya ajabu kama hiyo haitungwi mahali pasipo na ugonjwa. Kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba kila pointi ya Guria ilikuwa safi, kama nisivyoweza kuiapia timu yoyote ya ligi ile. Ila angalia tarehe. Shevardnadze alipokuwa bwana wa Georgia, miaka 13, Guria haikuonja ligi kuu. Ilipanda zaidi ya mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka Tbilisi. Na alipokuwa juu kabisa, waziri anayezungumza na Marekani kuhusu makombora, timu ya nyumbani kwao ikamaliza ya mwisho na kushuka. Kama huo ndio ubebaji, mbebaji alikuwa na mikono mibovu. Mimi nahukumu hivi: siasa ziliipa Guria nyumba na uwanja, na hapo zikakomea. Shangazi ana nusu yake, nawe una nusu yako.

Baada ya 1987 walirudi daraja la kwanza la Kisovyeti, wakacheza 1988 na 1989. Kisha ukaja mtikisiko ambao haukutokea uwanjani. Tarehe 9 Aprili 1989 askari wa Kisovyeti waliwavamia waandamanaji katikati ya Tbilisi usiku, na karibu watu 20 wakafa, wengi wao wanawake. Baada ya damu ile Wageorgia wengi hawakutaka tena kukaa meza moja na Moscow, hata ya mpira. Mwanzoni mwa 1990 soka la Georgia likajitoa. Dinamo Tbilisi ikaacha ligi kuu ya Kisovyeti, Guria ikaacha daraja la kwanza, na wakaanzisha ligi yao wenyewe, mwaka mzima kabla nchi haijatangaza uhuru.

Hapa ndipo nadhani ubingwa wa baba ulipozaliwa. Katika msimu ule wa kwanza wa 1990 Guria ilimaliza ya pili, nyuma ya Iberia Tbilisi, ambayo ndiyo Dinamo iliyobadili jina. Na Kombe la Georgia la 1990, la kwanza la zama mpya, lilikwenda Lanchkhuti. Guria iliifunga Tskhumi ya Sukhumi 1-0 katika fainali. Kwa hiyo timu ya kwenye beji ilichukua kombe la taifa kweli. Habari ikisafiri kwa barua na kwa wanafunzi wenzake, "wametwaa kombe" ikawa "mabingwa". Mwambie kaka yako hiyo si chumvi, ni umbali.

Kombe lile halikuwapeleka Ulaya. Georgia ilikuwa bado haimo kwenye mashirikisho ya kimataifa, iliingia FIFA na UEFA mwaka 1992, na milango ya vikombe vya Ulaya ilipofunguka kikosi kile kilikuwa kimeshapoa. Nakuomba uwakumbuke na wale waliofungwa fainali. Miaka mitatu baadaye, Septemba 1993, Sukhumi iliangukia mikononi mwa wapiganaji wa Abkhazia, jimbo lililotaka kujitenga na Georgia, na Wageorgia waliokuwa wakiishi pale wakakimbia mji wao. Washindi walibaki na uwanja wao wa nyumbani. Walioshindwa hata huo hawakubaki nao.

Kaka yako akiuliza kwa kejeli "timu kubwa imeshukaje hivyo?", atakuwa anafikiria mwenyekiti mwizi au kocha mbovu. Jibu ni kwamba nguzo zote ziling'olewa kwa mara moja. Lile shamba la ushirika lililoandika wachezaji kama wafanyakazi likavunjwa. Soko la chai la Kisovyeti likatoweka, na chai ya Georgia ikaporomoka kutoka zaidi ya tani laki moja kwa mwaka hadi tani elfu chache. Ukipita Guria leo utaona viwanda visivyo na paa na michai iliyoachwa ikawa miti, imezidi kimo cha mtu, mbigili zikiwa zimepanda juu yake. Mchuma chai wa Rungwe akiiona atalia. Oktoba 1993 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilifika Samtredia, njia panda ya reli iliyo jirani kabisa. Umeme ulikuwa wa saa chache kwa siku kwa miaka mingi. Vijana walikwenda Tbilisi, walikwenda Urusi, walikwenda Uturuki kutafuta kazi. Mwaka 1999 bomba la mafuta kutoka Baku, mji mkuu wa Azerbaijan, lilifunguliwa hadi Supsa, ndani ya wilaya hiyohiyo ya Lanchkhuti, lakini mafuta yalikuwa yakipita tu kwenda melini.

Hata hivyo hawakufa. Mwaka 2013 walipanda tena ligi kuu ya Georgia na kukaa hadi 2016. Wakati huo shirikisho lilikuwa linapanga upya nyumba. Ligi iliyokuwa imetanuka hadi timu 16 ilipunguzwa hadi 10, na kalenda ikarudishwa kwenye mtindo wa kuanza machipuo na kwisha vuli kuanzia 2017. Kiti kikipungua, wa kwanza kubaki wamesimama ni wa miji midogo. Guria haikuwa katika zile 10. Tangu hapo maisha yao ni ya madaraja ya chini, huko ambako timu nyingi huishi kwa fungu la bajeti ya manispaa, na diwani akiamua barabara ni muhimu kuliko mshambuliaji, hakuna wa kubisha sana.

Je, ndiyo timu ileile? Watu wa sheria watakwambia klabu ya Kisovyeti haikuwa na mwenye hisa wala kampuni nyuma yake, kwa hiyo hakuna karatasi moja inayounganisha 1987 na leo bila kukatika. Ni kweli, na ni hivyo kwa karibu kila klabu ya nchi zile, Spartak ikiwamo. Kwangu mimi kipimo ni kingine: jina ni lile, mji ni ule, uwanja ni ule, na mjukuu anakaa jukwaa alilokaa babu. Kwa kipimo hicho ni Guria ileile, imekonda tu. Anayetaka kipimo cha hati miliki ana haki yake, lakini ajue ataifuta historia ya nusu ya klabu za dunia.

Mwisho beji. Usiisugue. Najua kwetu mtu akiona bati limefifia mkono unakwenda kwenye majivu na ndimu. Beji nyingi za Kisovyeti zilikuwa za alumini iliyopakwa rangi nyepesi, na ndimu itaiondoa rangi yote iliyobaki usiku mmoja. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi. Igeuze nyuma kwa uangalifu. Mara nyingi kuna chapa ya kiwanda, pengine na bei kwa kopeki, yaani senti za Kisovyeti, na hayo husaidia zaidi ya upande wa mbele katika kutambua umri. Ipige picha pande zote mbili kwenye mwanga wa asubuhi, ukiweka rula pembeni.

Kuhusu fedha, usitegemee. Beji hizo zilitolewa kwa maelfu na kuuzwa kama njugu nje ya viwanja, nyingi hadi leo huenda kwa bei ya soda mbili. Ya timu ndogo kama Guria inaweza kumvutia mkusanyaji zaidi kuliko ya Spartak, lakini mtu akikupigia simu kukuahidi mamilioni ukimtumia kwanza "ada ya uthibitisho", kata simu.

Mimi nafanya kazi na majedwali na picha, na kuna mambo siwezi kuyamaliza kwa mbali. Ukitaka kujua umri wa beji kwa uhakika, inabidi mtu anayezifahamu aishike mkononi, aone uzito na pini yake. Ukitaka kujua ni mechi ipi hasa baba aliiona, hiyo ni kazi ya magazeti ya siku zile: Sovetsky Sport kwa Kirusi na Lelo kwa Kigeorgia. Maktaba ya Taifa ya Bunge la Georgia, Tbilisi, ndipo pa kuanzia kwa hilo la pili, na utahitaji mtu asomaye zile ndoana akae nawe au akae kule kwa niaba yako. Kabla ya yote hayo, kama wapo Tanzania wazee waliosoma Moscow na baba yako, nenda ukakae nao mwaka huu, usingoje mwakani. Wapelekee beji waione. Waulize swali moja tu: siku ile mlikwenda kuangalia Guria, ilikuwa baridi? Wakisema walivaa makoti mazito, tafuta mechi za mwanzo au za mwisho wa msimu. Wakisema walikuwa na mashati, ni za kiangazi, na hapo unabaki na mechi chache sana za kuchagua.